UZI: Harambee ilikuwa nini kabla haijawa bahasha ya mheshimiwa?

1/
Huu mjadala hauishi. Mwanasiasa anaonekana kanisani na kitita cha pesa, video inasambaa, nusu ya mtandao inauliza "ametoa wapi hizo zote na mshahara wake tunaujua?", nusu nyingine inajibu "mwacheni atoe, kwani nyinyi mmetoa ngapi?" Kisha mmoja anasema harambee ipigwe marufuku, mwingine anasema hiyo ni mila yetu usiiguse, na kutoka hapo ni matusi mpaka usiku wa manane.

Wengi mmeniomba uzi juu ya hili. Haya, kaeni vizuri, ni mrefu.

2/
Sheria za hapa mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukiona unamfikiria mtu fulani, hiyo ni yako na roho yako.

Nasoma sayansi ya siasa, na hoja yangu naisema mapema ili mwenye bando kidogo aondoke nayo: harambee iliyojenga shule na hii ya bahasha zinafanana jina tu. Katika ile ya kwanza, waliotoa walikuwa na haki ya kuuliza pesa imefanya nini. Katika hii ya pili, wanaopokea ndio wanaodaiwa, na deni linalipwa kwa kura.

Sasa tuingie kwa historia.

3/
Kwanza neno moja la darasani, halafu sitawasumbua tena. Wanauchumi husema "mtaji wa kijamii". Ukienda kwa duka la mtaa huna kitu, mwenye duka akakupa unga na kusema "utaleta Ijumaa", umetumia mtaji. Hauko benki, hauko kwa simu. Uko kwa jina lako, kwa sababu anakujua, anamjua mama yako, na anajua ukihepa kesho mtaa mzima utasikia.

Mtaji huo una faida ya shilingi kabisa. Mahali watu wanaaminiana, hawahitaji wakili kwa kila makubaliano na mlinzi kwa kila mlango. Mahali hawaaminiani, hata kuchimba kisima kimoja ni vita.

4/
Kisima ni mfano mzuri, tukae nacho. Familia 50 zinahitaji kisima. Kila moja ikitoa kidogo, kitachimbwa. Lakini mimi najiuliza: nisipotoa, si kitachimbwa tu na hao 49? Na nikienda na mtungi nani atanifukuza? Shida ni kwamba kila mtu anaweza kufikiria hivyo, na mwishowe hakuna kisima.

Mwaka 1965 mwanauchumi Mmarekani, Mancur Olson, aliandika kitabu kizima juu ya huyu mdandiaji. Alisema kundi likiwa kubwa, watu hawatashirikiana eti kwa sababu tu wote watafaidika. Lazima kuwe na kitu cha ziada: kundi dogo ambalo watu wanaonana, au msukumo, au zawadi ya pekee kwa anayetoa.

5/
Alikuja mwanamke mmoja, Elinor Ostrom, akasema ngoja kwanza, twende tuangalie watu halisi wanafanya nini. Alisoma wanavijiji wa milima ya Uswisi na Japani wanaotumia misitu na malisho kwa pamoja, na wakulima wa Uhispania na Ufilipino wanaogawana maji ya mifereji. Wengi walikuwa wamefaulu kwa mamia ya miaka, bila serikali kuwasimamia na bila kuuza mali yao kwa tajiri. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi.

Alikuta nini? Wanaotumia kitu ndio wanaotunga kanuni zake. Anayechunga kanuni anawajibika kwao. Adhabu zinaanza ndogo na kupanda. Na kuna mahali pa karibu pa kumalizia ugomvi. Wekeni hayo kichwani, tutayarudia.

6/
Turudi nyumbani. Kabla ya serikali yoyote kutumia neno harambee, kulikuwa na ngwatio kwa Wakikuyu, mwethya kwa Wakamba, saga kwa Wajaluo, na mengine mengi ambayo mtayataja huko chini kwa majibu.

Mfumo ulikaribiana. Leo tunalima kwako, kesho kutwa kwangu, wiki ijayo kwa mjane wa bonde la pili. Mwenye shamba anapika. Hakuna anayelipwa, lakini usidhani hakuna hesabu! Kila mtu anajua nani alikuja na jembe, nani alikuja jua likiwa limeshapanda, na nani alikuja wakati wa chakula tu. Ukikosa mara moja bila sababu unasemwa. Ukizoea, siku yako ikifika unalima peke yako.

Hapo ndo jibu la mdandiaji. Kundi ni dogo, watu wanaonana, na adhabu inatoka kwa watu utakaoishi nao mpaka kufa.

7/
Mkoloni aliona hii nguvu na akaitaka. Hapa Machakos inatufundisha jambo kubwa.

Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika juu ya vilima vya Machakos kama nchi iliyokufa: mmomonyoko, mashimo, udongo mwekundu mtupu. Dawa yao ilikuwa amri. Mwaka 1938 walianza kuchukua ng'ombe za watu kwa nguvu wakisema ni wengi kuliko malisho, na Wakamba kwa maelfu wakatembea hadi Nairobi kupinga. Serikali ikarudi nyuma. Baadaye ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Watu walichimba wakiwa wameshikiwa kiboko, na kile unachochimba kwa kiboko hukitunzi.

8/
Miaka ya 1950 mbinu ilibadilika. Kazi ikapangwa kwa vikundi vya mwethya, vikundi vikachagua viongozi wao, na wakulima wakapata nafasi ya kuamua aina ya matuta. Wengi waliokuwa wakichimba walikuwa wanawake. Ile njia ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu wa mteremko mpaka leo inajulikana kwa jina la Kiswahili, "fanya juu", hata kwa vitabu vya Kizungu.

Watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walifuatilia Machakos kuanzia miaka ya 1930 hadi 1990. Watu walitoka karibu 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Kwa hesabu ya mkoloni, nchi hiyo ilipaswa kuwa jangwa. Badala yake mmomonyoko ulipungua na mavuno yakaongezeka. Soko la Nairobi lilisaidia, kahawa ilisaidia, na pesa za waliokwenda kufanya kazi mjini zilisaidia pia. Lakini matuta yalichimbwa na mikono ya watu ambao sasa kazi ilikuwa yao.

Ni vilima vile vile na majembe yale yale. Kilichobadilika ni nani anaamua.

9/
Mfano wa pili wa wakati huo: shule. Miaka ya 1930 Wakikuyu waliokosana na wamisheni walianzisha shule zao huru, kwa pesa zao na walimu wao. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Pesa zilitafutwa kupitia marika, na marika yakashindana. Fikiria: hutaki rika lako liwe ndilo lililotoa kidogo kuliko yote ndani ya wilaya nzima! Aibu ikafanya kazi ya mtoza ushuru.

Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ya kikoloni iliifunga. Mtu mwenye bunduki hafungi shule kwa sababu haina maana. Watu wanaoweza kujenga chuo bila ruhusa yako wanaweza kufanya mengi mengine bila ruhusa yako.

10/
Sasa 1963. Neno "harambee" lilikuwa la wabeba mizigo na wavuta kamba wa Pwani: mmoja anaita, wengine wanaitikia na kuvuta pamoja. Asili yake ya mbali hubishaniwa kila mwaka, huo ni uzi mwingine. Kiongozi wa kwanza wa taifa alilifanya mwito wa nchi nzima, na likaandikwa kwenye nembo ya taifa. Angalia sarafu yoyote yenye nembo, utaliona chini pale.

Watu walilichukua kwa nguvu ambayo hata serikali haikutarajia. Walitaka shule za sekondari, na serikali haikuwa na pesa za kutosha. Basi wakajenga. Kuku, mayai, debe la mahindi, siku ya kazi, shilingi mbili: vyote vilihesabiwa. Kufikia miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali.

11/
Na walikuwa wajanja. Kijiji kinajenga madarasa bila kumuuliza mtu, kisha kinaenda kwa afisa wa elimu: "Shule iko hapa, watoto wako ndani, walimu wako wapi?" Serikali ikikataa, inamkosea kila mzazi aliyebeba jiwe. Ikikubali, inalipa mishahara miaka yote. Kwa hivyo ramani ya shule Kenya ilichorwa pia na wazee na kina mama waliojenga kwanza na kuuliza baadaye. Serikali ikaanza kudai miradi isajiliwe mapema, kwa sababu ilikuwa inategwa.

Miaka ya 1970 vikaja vyuo vya ufundi vya harambee. Kile cha Murang'a leo ni chuo kikuu. Cha magharibi kikazaa chuo kikuu kilicho Kakamega, na cha kilimo cha Ukambani kikazaa kile cha Kitui. Kuna mtu anasoma uzi huu akiwa ndani ya darasa ambalo msingi wake ni michango ya watu waliouza mbuzi.

12/
Lakini tusiipake sukari. Hata wakati ule mzuri kulikuwa na kasoro mbili.

Moja, mahali penye kahawa na chai palichanga zaidi. Na sera ya serikali ya mwaka 1965, ile Waraka wa Kikao Nambari 10, ilisema wazi pesa za maendeleo ziende kwanza mahali penye rutuba, mvua na barabara, kwa sababu zitazaa haraka. Kwa hivyo aliyekuwa nacho alijengewa juu ya alichojijengea. Ukiwa wa Turkana au Tana River, harambee ilikuwa maneno ya redioni.

Mbili, serikali yenyewe ikawa mdandiaji. Kila darasa lililojengwa na wananchi ni darasa ambalo haikulijenga, na kodi ililipwa vile vile.

13/
Sasa tufike kwa ile kona. "Mgeni wa heshima" alitoka wapi?

Miaka ya kwanza ya uhuru ushindani wa vyama ulikauka, lakini uchaguzi wa wabunge uliendelea. Hapakuwa na sera za kushindania, na kusema vibaya juu ya wakubwa kulikuwa hatari. Mgombea angejipimaje na mwenzake? Kwa miradi. Uchaguzi ukawa mtihani wa nani ameleta nini nyumbani. Mwanasayansi wa siasa Joel Barkan aliandika sana juu ya hili, na alikuwa na neno la kuutetea mfumo: angalau wananchi walikuwa na kipimo, na mbunge asiyeleta kitu aliondolewa.

Ni kweli. Ila ona kilichobadilika kwa siku ya kuchanga. Zamani mzee anasimama na kusema "ukoo wetu umetoa kiasi hiki." Sasa gari linafika saa nane, watu wamekaa tangu saa tatu, na kiasi cha mgeni mmoja kinapita cha kijiji kizima.

14/
Miaka ya 1980 ilizidi. Mchango ukageuka kodi isiyo na sheria. Chifu angeweza kukukalia karatasi yako mpaka uonyeshe risiti ya harambee. Watumishi wa serikali walikatwa mishahara. Mfanyabiashara alitoa kwa sababu anataka leseni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, wazazi wakaambiwa wajenge karakana. Waulizeni wazazi wenu na nyanya zenu. Wengi wa rika hilo ukitaja harambee wanatabasamu, halafu wanakumbuka na kuacha kutabasamu.

Angalia kile tulichotoka kukisema kuhusu Machakos. Huyu ni yule yule mwenye kiboko. Amebadilisha sare tu.

15/
Kisha vyama vingi vikarudi, na mtu angedhani bahasha zitapungua kwa sababu sasa kuna sera za kushindania. La! Utafiti wa Transparency International hapa Kenya ulipitia taarifa za magazeti za miaka ya 1980 na 1990, ukaona michango ya wanasiasa ikipanda kila uchaguzi ukikaribia, hasa 1992 na 1997. Uchaguzi ukiisha, ukarimu nao unaenda likizo.

Na mshahara wa mbunge hautoshi kutoa hivyo kila wikendi. Kwa hivyo ama ni tajiri wa kweli, ama anadaiwa na mtu, ama ni pesa yako inakurudia ikiwa imevaa suti. Hiyo njia ya tatu ndiyo inayouma: zabuni inapandishwa bei, kipande kinarudi kwa mkubwa, na kipande cha kipande kinafika kanisani na makofi.

16/
Kuna mtu atasema: hata kama ni hivyo, paa la kanisa si limewekwa? Mabati ni mabati.

Jibu langu ni utafiti wa Mary Kay Gugerty na Michael Kremer. Walifuata vikundi vya wanawake magharibi mwa Kenya, vikundi vya kulima pamoja na kusaidiana, na wakaangalia kinachotokea vikipewa pesa kutoka nje. Je, vilizidi kuwa na nguvu? Kilichozidi ni wageni. Wanawake wenye elimu zaidi na mapato ya uhakika walijiunga, na uongozi ukaanza kwenda kwao na kwa wanaume. Wale kina mama maskini walioanzisha kikundi ndio waliopoteza nafasi.

Tena hiyo ilikuwa pesa safi ya wafadhili, yenye nia njema. Hebu fikiria pesa yenye nia nyingine.

17/
Rudini kwa ile orodha ya Ostrom. Kanuni zinatungwa na watumiaji: kwa bahasha, mtoaji ndiye anaamua ni kanisa lipi na siku gani. Mchungaji wa pesa anawajibika kwa watu: kwa bahasha, mwenyekiti wa kamati anawajibika kwa ofisi ya mheshimiwa. Adhabu: nani atamwadhibu aliyekula pesa ambayo hakuna mwanakijiji aliyeitoa? Pa kumalizia ugomvi: hakuna, kwa sababu ukiuliza unaambiwa "kwani ilikuwa yako?"

Na kweli haikuwa yako. Hapo ndo kisu kinaingia. Ukitoa shilingi 200 una haki ya kusimama kwa mkutano na kuuliza saruji iko wapi. Ukipokea 200,000 kutoka juu, kuuliza ni utovu wa adabu. Kijiji kinapata mabati na kinapoteza mazoea ya kuulizana. Mabati yanapata kutu baada ya muda, na yale mazoea hayarudi kwa kuagiza.

18/
Serikali zimejaribu? Zimejaribu. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ilimkataza afisa kutumia ofisi au cheo chake kuchangisha. Mwaka huo huo ukaja mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, 2.5% ya mapato ya kawaida ya serikali, na sababu moja iliyotolewa ilikuwa kwamba mbunge hatalazimika tena kutoa mfukoni. Katiba ya 2010 ikaongeza kaunti, angalau 15% ya mapato ya taifa.

Bahasha hazikuisha. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, ikatangazwa kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa hadharani pesa za wanasiasa. Mnajua wenyewe kilichoendelea wikendi zilizofuata.

19/
Kuna swali lingine mnaloniuliza kila mara: si shida ni ukabila tu? Kwamba watu wa jamii moja huchangiana na wakichanganyika hawawezi?

Edward Miguel na Gugerty waliangalia shule za msingi na visima Busia na Teso. Ndiyo, mahali palipochanganyika zaidi wazazi walichangia kidogo na visima vilitunzwa vibaya. Sababu waliyoipa uzito inarudi kwa ile aibu: ni vigumu kumsuta mzazi wa jamii nyingine mbele ya watu bila kuonekana umeanzisha vita.

Lakini Miguel akavuka mpaka. Alilinganisha Busia na Meatu, Tanzania, wilaya iliyochanganyika pia. Kule mchanganyiko haukupunguza michango. Alieleza kwamba Tanzania ilitumia miaka mingi kujenga utaifa: Kiswahili kila mahali, masomo ya shuleni yanayofundisha nchi moja, mabaraza ya vijiji badala ya machifu wa kikabila. Yaani kuaminiana kuvuka jamii hakuanguki kutoka mbinguni. Kunajengwa, na kunaweza kubomolewa na mtu anayehitaji mgawanyike ili umchague.

20/
Je, ile harambee ya kwanza imekufa? Hapana. Imehamia kwa simu.

Mwaka jana shangazi yangu alilazwa, na hospitali ikakataa kumwachilia mpaka bili ilipwe. Tukafungua kikundi cha WhatsApp. Mnaijua ile orodha: "1. Mama Brayo 500. 2. Baba Achieng' 1,000. 3. Majirani wa Ploti B 2,300." Kila anayetoa ananakili orodha, anaongeza jina lake, anaituma tena. Namba ya M-Pesa ilikuwa ya binamu yangu ambaye kila mtu anamwogopea mdomo wake. Kila jioni alituma hesabu. Siku moja ilipungua shilingi 40 na watu watatu wakauliza. Arobaini! Alieleza ni ada ya kutoa. Tukaendelea.

Hiyo ni mwethya kabisa: kila mtu anaona, msimamizi anaulizika, na anayekosa bila sababu anajulikana.

21/
Chama nacho ni hivyo hivyo. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walisoma vyama vya mzunguko vya wanawake wa Kibera, wakaonyesha kwamba sababu moja kubwa ya mwanamke aliyeolewa kujiunga ni kuiweka pesa mahali ambapo bwana nyumbani hataifikia. Hiyo haikuwa kwenye hotuba ya mwanasiasa yeyote, wanawake waliigundua wenyewe.

Na kumbukeni 2011, Kenya ya kaskazini ikiwa na njaa, zilichangwa zaidi ya shilingi milioni 500, nyingine kwa simu na kidogo kidogo. Mwaka 2024 vijana walichangia matibabu ya waliojeruhiwa kwa maandamano, na hesabu ya matumizi ikawekwa wazi mtandaoni. Asiseme mtu kwamba kizazi chetu hakina utu.

22/
Hata hivyo bili ya shangazi haikupaswa kuja kwetu. Mtaji wa kijamii ukitumiwa kuziba kila shimo ambalo kodi ilipaswa kuliziba, unaisha. Watu wanachoka, wanatoka kwa vikundi kimya kimya. Na yule asiye na ndugu wenye simu zenye pesa anabaki wodini. Ushirikiano hauwezi kuwa bima ya afya ya taifa.

Kwa hivyo nikisema tulinde harambee, simaanishi serikali ikae kitako.

23/
Kwa wale wa "mkono mtupu haulambwi": nawasikia. Mama anayepokea 200 kwenye mkutano si mjinga. Amepiga hesabu, ahadi za kampeni hazijawahi kumfikia, na hiyo 200 iko mkononi. Ukimtukana mtandaoni hujamsaidia na hujabadilisha hesabu yake. Hesabu itabadilika siku zahanati itakuwa na dawa bila mtu wa kuishukuru.

Na kwa wale wa "piga marufuku yote": ukiandika sheria pana sana, polisi wataanza na kikundi cha WhatsApp cha shangazi yangu na watamaliza kabla hawajafika kwa mheshimiwa. Mimi ningetenganisha. Wananchi wakichangiana, waachwe. Mwenye cheo cha umma, au anayekitafuta, akitoa hadharani, atangaze chanzo cha pesa, na akishindwa asitoe. Tukatae pia neno "mgeni wa heshima" kwa mradi wetu wenyewe. Mwenye mradi si mgeni.

24/
Tunaelekea 2027, mtaalikwa sana. Kabla ya kupiga makofi jiulize mambo manne. Nani ameamua mradi huu? Daftari liko kwa nani, na naweza kuliona? Nikiuliza pesa imeenda wapi nitajibiwa au nitatishwa? Na mgeni huyu asingekuja, tungekuwa tumeanza?

Ukikuta jibu zuri kwa yote manne, hiyo ni harambee, toa na roho safi. Ukikosa hata moja, bado unaweza kwenda kula pilau. Ila ujue uko kwenye kampeni.

25/
Nimemaliza. Niambieni huko chini: kwenu kazi ya pamoja iliitwaje, na kuna jengo gani lililojengwa na wazee wenu ambalo bado limesimama? Nataka orodha ndefu.

Uzi ujao ni juu ya bursari: zinatoka wapi, nani anaandika majina, na kwa nini fomu hupatikana kwa nyumba ya mtu. Mkiwa na risiti au fomu za zamani nyumbani, zipigeni picha.